Mnaofunga paki ya lithiamu ya roboti kwa mara ya kwanza, betri haina swichi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye roboti, kitu cha kwanza nataka mkishike ni hiki, betri haina swichi. Sakiti nyingi ukichomoa umeme zinazima, ila paki ya lithiamu ukishaunga seli mbili za kwanza iko hai mpaka siku unaitupa, kila bisibisi inayokudondoka inadondokea kwenye umeme. Ndo maana mimi kabla sijagusa seli navua pete na saa, bisibisi zote nazizungushia tepu mpaka karibu na ncha, na upande wa paki ambao sifanyii kazi naufunika.

Nilijifunza hili vibaya. Tulikuwa na roboti ya magurudumu manne, paki 4S2P, yaani seli nane za 18650 (zile za duara ndefu, kipenyo milimita 18, urefu 65), mbili mbili paraleli halafu makundi manne kwenye sirisi. Nilipima kila kitu kiko sawa, ikatembea wiki mbili bila shida, wiki ya tatu tuko kwenye majaribio tukaanza kusikia harufu tamu tamu hivi kisha moshi, tukaikimbiza nje. Tulipoifungua nikaona kipande cha nikeli kinachounganisha seli kimetafuna ganda la plastiki la seli moja pale juu kwenye bega. Sasa hapa ndo wengi hatujui, mwili mzima wa 18650 ni hasi, mpaka juu kabisa, chanya ni ile kofia ndogo ya katikati tu, na nikeli ikitoka kwenye kofia lazima ipite juu ya bega. Kati yake na shoti kuna ganda jembamba la plastiki basi. Roboti inatetemeka masaa yote, haijatulia kama taa ya sola ukutani, ganda litalika tu. Tangu siku ile kila kofia ya chanya naivalisha pete ya karatasi ngumu ya kuhami umeme, seli nazikalisha kwenye vishikio vya plastiki zisigusane, na paki naifunga kwa sponji isicheze ndani ya mwili wa roboti. Pete hizo ni bei ya chini sana jamani, msiziruke.

Kwenye kununua, ukiona 18650 imeandikwa uwezo wa 9900mAh iache hapo hapo, za kweli nyingi zinaishia kama 3500. Beba mizani ndogo, seli nzima ina gramu 45 hivi, ikiwa nyepesi sana jua ndani wamejaza vitu vingine. Za kutoka kwenye laptopu za zamani sio mbaya zote ila ikisoma chini ya volti 2 usijaribu kuiamsha, na zilizobaki zichaji, ziache wiki mbili, pima tena, inayoshuka yenyewe itoe. Kabla ya kuunga paraleli hakikisha volti zinalingana, tofauti isizidi 0.05, maana yenye nyingi itamwaga umeme kwa mwenzake ghafla na hakuna wa kuuzuia.

Usilehemu moja kwa moja kwenye seli, joto linaharibu ndani na huwezi kuona kwa macho, tumia spoti welda, mashine inayochomelea nikeli kwenye seli kwa nukta ndogo ndogo. Nikeli nayo kuna ya kweli na kuna chuma kilichopakwa nikeli, ikwaruze uiloweke kwenye maji ya chumvi usiku kucha, ya chuma itaota kutu.

Halafu BMS, ile bodi ndogo inayolinda seli za paki, hapa ndo bodi nyingi zinaungulia. Ile soketi ya waya nyembamba zinazopima volti za kila kundi la seli iwe imechomolewa kwenye bodi muda wote unapolehemu waya. Anza na B-, waya nene wa hasi kuu ya paki, kisha hizo nyembamba kwa mpangilio kutoka chini kwenda juu, ukimaliza weka multimita waya mweusi kwenye hasi kuu na upime pini moja moja, unatakiwa uone kama 3.7, 7.4, 11.1, 14.8. Pini ikiruka hatua au ikirudi nyuma, simama, usichomeke.

Fyuzi ikae karibu na chanya ya paki kabisa, sio kule kwenye mota, maana waya wote kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Hesabu ampia za mota ikiwa imekwama, sio ikiwa inazunguka bure, mota nne za ampia 5 zikikwama pamoja ni 20, kwa 2P kila seli inabeba 10, je seli yako inaziweza? Kwenye XT60, ile plagi ya kuungia betri, upande wenye matundu ndo ubaki kwenye betri.

Kuchaji 4S ni chaja ya lithiamu ya 16.8, nimeshaona mtu anachomeka ya laptopu ya volti 19 kisa tundu linaingia, hiyo ni 4.75 kwa seli wakati mwisho wake ni 4.2. Chajia juu ya sakafu ya simenti, uwepo hapo, mbali na godoro na mapazia. Ikianza kufuka na bado inabebeka itoe nje, ikishalipuka moto toka na uite zimamoto, moshi wake ni sumu, na kinachopoza seli zisiambukizane ni maji mengi, mchanga unafunika tu.