Anayeulizwa ni nani?

Swali la wiki hii lilikuwa: "Mtu anawezaje kukutana na Mungu yeye mwenyewe kwa kusoma Biblia, bila kusubiri mahubiri ya Jumapili?" Jibu langu: asome kidogo, asome kwa sauti, na asifunge kitabu kabla hajajibu alichoulizwa.

Wengi huanzia Mwanzo tarehe 1 Januari. Kisa cha Yusufu kinawavuta vizuri tu, mpaka wafike Kutoka 25, vipimo vya hema vinapoanza, dhiraa juu ya dhiraa. Walawi ndicho kinachowamaliza. Biblia ina sura 1,189, kwa hiyo kuimaliza kwa mwaka ni zaidi ya sura tatu kila siku. Kwa kuijua Biblia, sawa. Kwa kukutana na Mwenyewe, hizo ni mbio. Anzia Marko, sura 16, mistari kama kumi kwa siku. Itachukua zaidi ya miezi miwili, na ichukue.

Tenga dakika 20. Kama Biblia yako iko kwenye simu, zima data kwanza, maana kundi la michango ya harusi halimsubiri Bwana amalize.

Chukua Marko 10:46–52, habari za Bartimayo. Soma mara moja upate kisa. Rudia polepole, ukiandika daftarini kila tendo: ameketi kando ya njia, anapaza sauti, wanamkemea anyamaze, anazidi kupaza, anatupa vazi lake. Simama hapo kwenye vazi. Ombaomba ana nini kingine? Ndipo Yesu anauliza, "Wataka nikufanyie nini?"

Sasa rudi hadi mstari wa 36. Yakobo na Yohana wameulizwa swali lilelile: "Mwataka niwafanyie nini?" Wao waliomba kuketi kuume na kushoto katika utukufu, kipofu aliomba kuona. Kiswahili kimetubeba hapa, kwa kuwa -wa- ni ya wale wawili na -ku- ni ya mtu mmoja. Ukifika kwenye -ku-, nyamaza, kisha jibu kwa kinywa chako, sentensi moja, jambo la leo. "Nibariki" si jibu. Halafu kaa kimya dakika tano. Mawazo yakikimbilia ada ya shule, yarudishe kwenye swali, hata mara kumi.

Kosa linaloumiza wengi ni kutoangalia nafsi hizo, yaani anayeambiwa ni nani. Yeremia 29:11, mstari unaopendwa kuliko barua ya nabii Yeremia ulimo, unasema "mawazo ninayowawazia ninyi." Ninyi ni watu waliohamishiwa Babeli, na mstari wa 10 unataja miaka sabini. Anayeufanya ahadi ya kupata kazi mwezi huu ataishia kumlaumu Mungu kwa neno ambalo hakuambiwa. Barua hiyo bado inaweza kumsemesha, ila aanze na walichoambiwa wao, mstari wa 5: wajenge nyumba, wapande bustani, hukohuko ugenini. Mtu aliyeahirisha maisha yake akingoja mambo yabadilike atakuwa na la kujibu hapo. Kufungua ukurasa kwa kubahatisha na kuweka kidole kunazaa kosa hilohilo, kwa haraka zaidi.

Zipo siku hutasikia kitu. Usilazimishe machozi. Zaburi 88 inaishia gizani, na bado imewekwa miongoni mwa sala; isome ilivyo, usiharakie Zaburi ya 89 ili ujifariji.

Na ukidhani umesikia jambo kubwa, hasa la kuoa, kuacha kazi au kumkemea mtu, usilitende siku hiyo. Kijana Samweli alipoitwa na Mungu usiku alimkimbilia kuhani Eli mara tatu, na mzee ndiye aliyetambua ni nani anayeita (1 Samweli 3). Andika tarehe na mstari, subiri wiki mbili, kisha mpelekee mtu mzima katika imani asiye na faida yoyote katika jambo hilo. Kama mshauri ndiye atakayepokea sadaka, tafuta mwingine.