Ukifungwa kwa Siasa: Heshima kwa Askari, Malalamiko kwa Mkuu wa Gereza

Vijana kadhaa waliokamatwa katika maandamano wameniuliza namna ya kuishi na askari jela. Nilikaa mahabusu miezi 11 kwa kesi ya siasa iliyofutwa kabla hata shahidi mmoja hajasikilizwa, kwa hiyo nitasema niliyoyaona.

Wiki za mwanzo nilimgombeza kila askari aliyefungua mlango, kana kwamba ndiye aliyeamuru nikamatwe. Mzee mmoja wa seli yetu alinikalisha chini akaniambia kwamba yule ana funguo tu, hana amri. Nimwite afande, nimsabahi, ila nisimpigie magoti. Tangu hapo malalamiko yangu nilimpelekea mkuu wa gereza alipopita kukagua, kwa maneno machache yenye tarehe na saa, nikiiacha hotuba kwa siku nyingine. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa apewe kila siku nafasi ya kutoa ombi au lalamiko, na zinakataza kumtenga peke yake kwa zaidi ya siku 15 mfululizo. Zitaje kwa upole, na wakili wako azitaje kwa maandishi, kwa kuwa lalamiko lisiloandikwa husahaulika kabla ya zamu kubadilishana.

Kilicho kigumu zaidi kuliko ukali ni hisani. Mandela mwenyewe, alipofungwa Pretoria mwaka 1962, alikataa kaptura waliyovishwa wafungwa Waafrika. Akapewa suruali ndefu na chakula kilicho bora, lakini akafungiwa peke yake, mpaka baada ya wiki kadhaa akaomba arudishwe kwa wenzake. Baadaye, katika kisiwa cha Robben, wakuu wa gereza hawakutaka mfungwa aseme kwa niaba ya wengine: kila mtu ajisemee. Nia ni ile ile: kumtenga mfungwa na wenzake.

Mimi nililetewa godoro la pili, nikalipokea (mgongo uliniuma, sikatai), na usiku ule ule wenzangu wakaacha kunong'ona mbele yangu. Nililirudisha siku ya nne. Maongezi yalichukua karibu mwezi kurudi. Ukiletewa kitu cha peke yako, uliza mbele ya wote kama na wenzako watapewa, na jibu likiwa hapana, kirudishe kabla hujakilalia.