Kabla hujapanda Bradbury kuhesabu mwewe

Kwetu Muheza, mwewe alikuwa mwizi wa vifaranga. Kivuli chake kikipita uani, kuku anatoa ule mlio mmoja ambao kila kifaranga anauelewa, wote wanajificha chini ya mbawa zake, na sisi watoto tunatoka mbio na mawe na mayowe. Sasa naishi Portland, jimbo la Maine, Marekani, na kila majira ya kuchipua napanda mlimani kuwatazama jamaa zake wakipita. Hapa mjini tuko wengi tunaozungumza Kiswahili, wengi wao ndugu zetu kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, na kila ninaposimulia habari hii naulizwa maswali yale yale. Basi niyajibu yote kwa mara moja.

Mlima unaitwa Bradbury, uko Pownal, kama nusu saa kwa gari kutoka Portland. Kimo chake ni futi 485, yaani mita 148 hivi. Aliyezoea Usambara ataita kilima. Ukifuata njia fupi unafika juu ndani ya robo saa, kwenye mwamba mpana ulio wazi, na siku isiyo na ukungu unaiona ghuba ya Casco. Tangu 2007, kila mwaka kuanzia 15 Machi hadi 15 Mei, pale juu kuna mtu anayehesabu ndege mbuai wanaorudi kaskazini. Huhitaji kuwa mtaalamu ili ukae naye. Salimia, uliza pa kukaa usimzibe, na usimsemeshe anapokuwa na darubini machoni.

Jambo la kwanza ni baridi. Mwaka wangu wa kwanza nilivaa kama mtu anayekwenda kutembea, na saa moja baadaye vidole vilikuwa havishiki kalamu. Kupanda kunakutia joto, kukaa kunalitoa lote. Kwa hiyo panda na koti mkononi, livae ukifika, weka kitu kizito kati yako na mwamba, na beba chupa ya chai ya tangawizi. Hata Aprili, usidanganywe na jua.

Chagua siku kwa kutazama upepo. Mwewe hapendi kupiga mbawa pasipo sababu. Jua likipasha mashamba na miamba, hewa ya moto inapanda, naye anatanua mbawa na kuzunguka ndani yake, akipanda tu, hadi anabaki kama punje ya ufuta. Kisha anajiachia na kuteleza mbali bila kupiga ubawa, mpaka aupate mkondo mwingine. Juu ya maji baridi ya bahari mikondo hiyo haipandi, ndiyo maana wengi hufuata nchi kavu. Upepo wa kutoka kusini au kusini-magharibi, hasa baada ya siku mbili tatu za mvua, ndio ninaoombea. Fika saa tatu asubuhi.

Ukisha kaa, usizungushe darubini ovyo. Anza upande mmoja wa upeo wa macho, sogea polepole hadi upande wa pili, panda kidogo, rudi. Tumia mawingu: ndege mweusi juu ya wingu jeupe anaonekana, juu ya anga la buluu tupu anapotea. Na kila baada ya dakika chache shusha darubini utazame juu ya kichwa chako. Nimeshuhudia watu watatu wakichungulia mbali huku furukombe akipita utosini.

Majina yatakuja taratibu. Anza na umbo na mwendo, rangi baadaye. Tumbusi huinua mbawa kama herufi V na kuyumbayumba. Furukombe hukunja mbawa kama herufi M. Kipanga mdogo hupiga mbawa haraka mara chache, anateleza, anapiga tena. Mwewe wa mbawa pana, anayetoka Amerika Kusini, kwa chini ana mbawa nyeupe zenye ukingo mweusi na mkia wenye mistari mipana. Hao ndio hupita kwa makundi wiki ya mwisho ya Aprili.

Hapo kwenye makundi ndipo nilipokosea. Walikuwa wanazunguka kama kisulisuli, wengine wakipanda, wengine wakishuka, na mimi kwa furaha nikatamka themanini. Bibi mmoja mstaafu aliyekaa karibu yangu hakusema kitu. Alisubiri. Walipofika juu kabisa wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakiteleza kwa mstari, naye akabonyeza kihesabio chake kwa kila aliyepita. Hamsini na tatu. Akanigeukia, akanieleza kwa upole kwamba wakizunguka hawahesabiki, subiri watoke.

Tangu siku hiyo ninaandika nilichokiona, basi. Ndege nisiyemtambua naandika "hajulikani". Saa nzima ikipita bila ndege, naandika sifuri, na sifuri hiyo naiheshimu kama hamsini na tatu. Hesabu hizi zina kazi. Kule Hawk Mountain, Pennsylvania, ambako mtetezi wa ndege Rosalie Edge aliukodi mlima mwaka 1934 ili kuwazuia wawindaji waliokuwa wakiwapiga mwewe risasi kwa mamia, watu walihesabu karibu kila mwaka. Miaka ya 1950 daftari zao zilionyesha kwamba tai wachanga wanazidi kupungua kati ya tai wanaopita. DDT, sumu ya kuua wadudu, ilikuwa inafanya maganda ya mayai yawe membamba. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972, na leo tai wa kichwa cheupe napishana nao Bradbury karibu kila nikipanda. Laiti wale waliokaa kwenye baridi wangeandika namba za kufurahisha tu, daftari zao zisingetusaidia kitu.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, inatosha kuanzia. Ukikosa, njoo hivyo hivyo, nitakuazima yangu kwa zamu. Wikendi ya mwisho ya Aprili nitakuwa juu ya mwamba tangu saa tatu, na chai itakuwepo. Njoo na watoto. Wangu wa miaka saba ndiye anayeshika daftari.