Re: Bibi wa kijijini anamshindaje inspekta?

Umeuliza Miss Marple, yule bibi mfuma sweta anayefumbua mauaji katika riwaya za Agatha Christie, anawezaje kumzidi inspekta wa polisi. Umbea, ndugu yangu! St Mary Mead anakoishi ni kijiji ambacho kila dirisha lina macho. Inspekta huuliza nani alikuwa wapi; bibi hujiuliza huyu anamkumbusha nani pale kijijini.

Tazama riwaya ya kwanza ya Miss Marple, The Murder at the Vicarage, ya 1930. Maiti iko kwenye chumba cha kusomea cha kasisi, saa ya mezani imeanguka na kusimama. Kasisi huitanguliza saa hiyo dakika 15 makusudi, asichelewe. Anajaribu kumwambia inspekta, anakatizwa. Hapo hesabu yote ya muda inaharibika.

Kwa hiyo ukisoma, kila saa inayotajwa iandike pembeni, pamoja na aliyeithibitisha. Ushahidi wa mtu mmoja tu, utilie shaka.