Jibu: Kuchanganya 1080i na 1080p kwenye projekti moja

Ndugu, umeuliza kwa nini klipu za 1080i (video ambayo kila fremu, yaani kila picha, imegawanywa nusu mbili) zinatoa mistari kama meno ya kitana mtu akipunga mkono, wakati za 1080p (kila fremu ni picha nzima) ziko safi. Kamera yako ni nzima. Kwenye 1080i ya 50, kila fremu ina nusu mbili, mistari ya witiri na ya shufwa, zilizopigwa kwa kupishana sekunde 1/50. Kitu kikisogea, hazilingani tena.

Kama video itatazamwa kwenye simu au kompyuta, weka taimlaini ya progresivu (ya fremu nzima, kama 1080p) ya fremu 50 kwa sekunde, halafu geuza nusu hizo ziwe fremu nzima kabla ya kitu kingine chochote. Narudia, kabla! Ukipunguza ukubwa wa picha kwanza, mistari inachanganyikana na hakuna filta itakayoitenganisha vizuri. Mimi natumia bwdif, filta ya kazi hiyo iliyomo kwenye FFmpeg (programu ya bure ya kuchakata video), ikitoa fremu moja kwa kila nusu: unapata fremu 50 kwa sekunde na mwendo unabaki laini. Ukitoa 25, nusu ya mwendo imepotea.

Hakikisha pia nusu ipi inatangulia. Kwenye mifumo ya kurekodi ya kamera, DV huanza na nusu ya chini (mistari ya shufwa), HDV na ya juu (ya witiri). Ukikosea, picha inarukaruka mbele na nyuma.

Klipu za 1080p za 25 ziache zilivyo. Programu itarudia kila fremu mara mbili.