Jua linawaka, na ndiyo siku ya kuogopa

Mmeona picha ya theluji inang'aa, anga halina wingu, mkaandika kwamba sisi wa Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, tunadeka: baridi gani na jua linawaka vile? Wadogo zangu, siku ya jua ndiyo mbaya. Ya mawingu ina afadhali.

Chanzo kiko kaskazini mwa Kanada. Majira ya baridi usiku wa kule ni mrefu na ardhi imejaa theluji. Hewa ikituama hapo siku nyingi inapoa, inakauka, inakuwa nzito. Ikianza kushuka kusini haikuti mlima wa kuizuia, maana milima mikubwa ya huku imelala kaskazini-kusini. Hewa ya joto yenye unyevu nayo inapanda kutoka Ghuba ya Meksiko. Zikikutana hazichanganyiki upesi: nzito inapenya chini, ya joto inanyanyuliwa, unyevu wake unakuwa mawingu, mvua au theluji. Huko nyumbani kaskazi na kusi hupokezana kwa miezi. Huku hewa mbili zinapokezana mchana mmoja.

Pale hewa hizo mbili zinapokutana ndipo panaitwa mpaka; mpaka wa hewa baridi ukishapita, hewa kavu inashuka na kufuta mawingu, na usiku joto la ardhi linapotelea juu. Hiyo ndiyo picha yenu. Januari 30, 2019 mji huu ulifika −33°C.

Kinachoponza wageni ni kusoma utabiri nusunusu. Simu inaonyesha kiwango cha juu 4°C, mtu anatoka na sweta. Kumbe hiyo 4 ilikuwa ya saa saba usiku, mpaka haujafika. Saa tisa alasiri akiwa kituoni anangoja basi ni −12. Someni saa kwa saa, na mtazame upepo. Ukivuma kutoka kusini huku mgandamizo wa hewa unashuka, jiandaeni. Ukigeuka ghafla ukatoka kaskazini-magharibi na mgandamizo ukapanda, mpaka umepita, na lami iliyolowa itakuwa barafu muda si mrefu. Chumvi ya kawaida ya barabarani chini ya −9 haisaidii sana. Tairi nazo zinapungua upepo, kama psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 6 zinazoshuka. Na −20 yenye upepo wa kilomita 30 kwa saa mwili unaipokea kama −33: sikio lililo wazi linaweza kuganda ndani ya nusu saa.

Mpaka wa hewa ya joto una adabu, hubisha hodi. Kwanza mawingu membamba, duara kuzunguka jua, kisha mawingu mazito kutwa. Ila mvua yake ikipita kwenye hewa baridi iliyobaki chini, inaganda pale inapogusa ardhi. Siku hiyo gari msiguse. Pigeni simu kazini, bosi anune.

Kwa hiyo msije Januari. Lakini viza ikitoka Januari pandeni ndege, chuo hakingoji mtu. Koti chukueni la mtumba pale soko la Karume, Dar, ndiko yanakoishia ya huku. Buti nunueni hukuhuku, kubwa kidogo, ziingie soksi nene. Zikibana damu haifiki vidoleni.

Na Februari hela ikifika pungufu, msiulizane kama nimepata mchumba. Bili ya gesi ya kupasha nyumba ndiyo imekula.