Kabla Beringi ya Difu Haijakuacha Njiani

Oili ilikuwa imechora mstari mwembamba kwenye ukingo wa ndani wa rimu ya nyuma ya pikipiki yangu, mweusi, vumbi limegandia juu yake. Niliufuta kwa kidole gumba, nikanusa. Oili ya difu, lile boksi la gia linalozungusha tairi la nyuma, huijui kwa macho, unaijua kwa pua: ina harufu ya kiberiti, kama yai lililoanza kuharibika. Nikajipangusa kwenye suruali, nikajaza tangi, nikaondoka. Kosa langu lote ni hilo. Yaliyofuata yalikuwa riba.

Kilomita 140 mbele, kona zikaanza kuwa laini, kana kwamba tairi la nyuma limepungua upepo. Nikasimama, nikalibonyeza, upepo upo. Nikaendelea. (Ndiyo, tena.) Taa ya ABS (mfumo unaozuia tairi kukwama ukifunga breki) ilipowaka na kugoma kuzimika ndipo niliposhuka, nikaipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, nikalishika tairi juu na chini na kulitikisa. Likacheza. Ndani ya difu kukasikika ko, ko, kama kijiko ndani ya kikombe cha bati.

Kwa wasioijua pikipiki ya shafti: haina cheni. Nguvu inakwenda nyuma kwa propela shafti, yaani mtaimbo unaozunguka, na ndani ya difu gia ndogo iitwayo pinioni inazungusha gia kubwa, krauni, iliyokaa nayo kwa pembe ya nyuzi 90. Krauni hiyo, pamoja na tairi lililofungwa kwake, hubebwa hasa na beringi moja kubwa ya gololi iliyo upande wa tairi. Gololi zikianza kuchimbika, krauni inayumba, sili, ule mpira unaozuia oili kutoka, inapigwapigwa mpaka inavuja, na oili inashuka kwenye rimu, kwenye diski ya breki, hata kwenye tairi lenyewe. Taa ya ABS huwaka kwa sababu hiyo hiyo: sensa inasoma ringi yenye matundu au meno inayozunguka na tairi, na tairi likiyumba ule mwanya mdogo kati yao unabadilikabadilika.

Kwa hiyo mimi sikuachwa njiani bila taarifa. Nilitumiwa taarifa tatu.

Siku hizi sianzi safari ndefu kabla sijamwaga oili ya difu, hata kama muda wake haujafika. Siimwagi kwa ajili ya oili, naimwaga kwa ajili ya sumaku iliyo kwenye nati ya kumwagia. Ukikuta utando wa kijivu, laini kama dawa ya meno, usihangaike, huo ni uchakavu wa kawaida wa meno. Usugue kati ya vidole. Ukihisi chenga zinazochoma, au ukiona vipande bapa vinavyong'aa kama magamba ya samaki, hiyo ni ngozi ya beringi inabanduka, na safari iahirishwe. Oili ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia. Hili huwapata wanaovuka mito: difu lenye moto likizama ghafla, hewa ya ndani inanywea na kuvuta maji kupitia sili au tundu la kupumulia.

Unaporudisha oili, pima kwa chombo, kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Ni kidogo kuliko unavyodhani. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii haifiki hata robo lita. Nimeona watu wakiona sili inavuja wanaongeza oili "ili isikauke", kumbe wameizidisha na ndiyo inayosukumwa nje. Kabla hujaihukumu beringi, mwaga, pima, futa kila kitu, endesha siku moja, kisha angalia tena.

Kutikisa tairi nako kuna ujanja wake. Mwambie mwenzako atikise, wewe weka kidole pale difu linapoungana na mkono wa nyuma, ule wa chuma unaobeba tairi. Mtikisiko ukiusikia hapo kidoleni, tatizo ni beringi ndogo za maungio, na hizo zina dawa nyepesi. Tairi likicheza huku nyumba ya difu imetulia, basi ni ile kubwa.

Halafu kuna joto. Kila ninaposimama kujaza mafuta naweka kiganja karibu na difu, kisha naligusa. Siangalii kama ni la moto, maana lazima liwe la moto. Naangalia kama ni la moto kuliko jana kwa mwendo ule ule. Ndiyo maana inafaa kuanza zoezi hili mapema, wakati difu bado zima, ili mkono uwe na kumbukumbu ya kulinganisha.

Mzigo wa akiba wenyewe ni mdogo. Beringi, sili na oringi (pete ya mpira) ya kifuniko cha difu vinaingia kwenye soksi moja. Ongeza chupa ya oili, koleo ya saklipu (pete za chuma za kufungia), funguo za alenki au torksi zinazolingana na pikipiki yako, na pula ndogo ya kuchomolea beringi. Beringi mpya usiifungue kwenye karatasi yake kukagua ukiwa juani na vumbini. Ifungue ikiwa tayari kuingia.

Kazi yenyewe fundi yeyote makini anaiweza, hata kama hajawahi kuona pikipiki ya shafti, mradi umwambie mambo mawili. La kwanza, kifuniko kipashwe moto na beringi ikae baridi. Jiko la gesi na friji vinatosha. Chuma kikitanuka, beringi inaingia kwa kusukuma tu. La pili, ikibidi kugonga, agonge ringi ile inayobanwa: inaingia kwenye nyumba, gonga ringi ya nje, inaingia kwenye shafti, gonga ya ndani. Akigonga isiyohusika, kila pigo linapita kwenye gololi, na beringi mpya inazeeka kabla haijazunguka.

Shimu, zile washa nyembamba kama karatasi, zirudi zile zile, kwa mpangilio ule ule. Zikibana mno beringi inachemka na kubanduka. Zikilegea krauni inayumba. Kupima upya ni kazi ya mezani, ukifika nyumbani. Baada ya kufunga endesha kilomita 5, gusa, tikisa. Endesha 20, gusa, tikisa.

Na kama huna akiba? Ikiwa ni uvujaji tu, tairi halichezi na sumaku ni safi, futa diski vizuri, rudisha oili, punguza mwendo na mzigo, kagua kila kilomita 50. Likishacheza, pakia pikipiki kwenye gari. Kikapu kinachoshika gololi kikivunjika, kipande kimoja kikiingia kati ya meno ya krauni na pinioni, tairi linaweza kukwama ukiwa mwendo kasi. Mimi niliisukuma pembeni ya barabara nikasubiri lori saa nne nzima, na sijutii hata dakika moja ya hizo. Ukipata difu lililotumika, hesabu meno kwanza: mafundi huishia kufunga la modeli nyingine, likaenea vizuri, ila uwiano ni tofauti.

Wenye cheni nao wasicheke. Nyuma ya sproketi kuna beringi inayovutwa na cheni kutwa nzima, na mara nyingi hutangulia kufa kabla ya zile za rimu. Namba yake imechorwa ubavuni. Kwa zile ambazo namba inaanza na 62 au 63, tarakimu mbili za mwisho kuanzia 04 zidisha kwa 5, unapata upana wa tundu kwa milimita: 6204 ni 20, 6305 ni 25. Ziandike kabla ya safari, maana ikishasagika hazisomeki.

Beringi yangu ile niliipasua. Gololi zilikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Ringi yake ya nje nimeisaga kidogo pembeni isije ikanasa, na sasa inasafiri kwenye soksi pamoja na beringi mpya. Ndiyo nitakayogongea siku ikifika.